Tulivyowalilia Watoto Tusiowajua

Amani iwe kwenu, baba na mama zangu. Leo sikusimama kuimba, ingawa mnanijua kwa kelele. Nimesimama kuwaeleza jinsi nilivyolikimbia darasa la watoto wadogo, na jinsi mlivyonirudisha.

Mimi ni mtu wa ndoto. Masomo yangu yaliishia njiani, lakini nikishika chaki najiona tayari nina shule ya matofali, madirisha yote yakitazama ziwa. Watoto hunicheka: "Mwalimu anaota tena!" Basi, furaha ile ilikatika siku mtumbwi uliotoka Kazimia ulipoleta habari. Katika shule moja ya mbali sana, ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kufika, radi ilipiga paa la nyasi watoto wakiwa ndani. Mlango ulifungukia ndani. Walikimbilia pale wote pamoja, wakausukuma kwa miili yao, na haukufunguka. Moto ukawamaliza humo.

Sisi walimu tulikubaliana watoto wasiambiwe, eti wasiogope. Ndugu zangu, nawaambia, msiba haufichiki kwa mtoto. Juma halikuisha, nikawakuta uani wakicheza. Mmoja alikuwa radi, wengine mlango. Walipoangukiana, hakuna aliyecheka.

Tangu hapo, wingu likishuka milimani, walitoka mbio mvuani. Nami, badala ya kuwazuia, nilitoka nao. Mlango wetu pia ulifungukia ndani. Madirisha tulikuwa tumeyapigilia fito, mbuzi wasiingie. Mwishowe niliacha kuja. Nililala chini nyumbani, sili. Mkubwa wa shule akatuma neno: watoto hawaji, mwalimu haji, darasa la wadogo litafungwa. Nikasema, heri lifungwe.

Ndipo jirani yangu, mama wa mtoto mmoja wa darasa langu, akaingia bila hodi.

"We uko na kilio?"

"Sina, mama. Hakuna mtu wangu aliyekufa."

"Sasa unalala chini sababu gani? Mutoto wangu naye hakuli. Kilio iko, mukeka ndiyo haiko!"

Nilidhani ananitania. Nani huweka matanga ya watu asiowajua? Yeye akaweka. Asubuhi alitandika mkeka mbele ya darasa, akawasha moto, akaketi miguu ameinyosha kama mfiwa. Mama wengine wakaja na mihogo na ndakala, dagaa wa ziwa letu. Watoto wakasogea polepole, nami nyuma yao. Msichana mmoja akauliza:

"Mama, bale batoto banaitwa nani? Nitalia namna gani kama sijue jina?"

Nanyi mnajua, kulia kwetu ni kumwita aliyekwenda. Yule mama akamvuta mapajani.

"Sema kaka. Sema dada. Inatosha."

"Kaka yangu we!" akaanza, sauti nyembamba kama uzi. Wenzake wakaitikia. Nikaanguka pale mkekani, nikalia mpaka kifua kikafunguka.

Baba walipofika kutoa pole, mmoja, seremala, aliutazama mlango. "Huyu mulango anatuangalia vibaya," akasema. Waliung'oa kabla ya kula, wakaugeuza ufungukie nje, na fito za madirisha wakazitoa zote.

"Na mbuzi?" nikauliza.

"Mbuzi naye asome!"

Tukacheka, machozi bado mashavuni.

Darasa halikufungwa, ila sisemi woga umekwisha. Radi ikilia, nasimamisha chaki ubaoni. Watoto wananitazama, nawatazama, tunaendelea na herufi.

Asante, mama uliyetandika mkeka. Asante, baba mlioacha mashamba mkashika misumeno. Neno langu kwenu ni hili: mtoto akiuliza juu ya kifo cha mbali, usimwambie nyamaza. Keti naye chini, mlie. Wale watoto hatutajua sura zao kamwe, wala mama zao hawatajua kwamba huku kwetu Baraka kuna watoto waliowaita kaka na dada.

Kesho mvua ikinyesha, piteni karibu na darasa la wadogo. Mtatusikia tukisoma.