Mkunga Aliyeomba Watoto Wasubiri Kuoga

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1972, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mwalimu wa shule ya msingi. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kuambiwa akaridhika. Ukimwambia mvua imenyesha mtaa wa pili, alitoka kwenda kugusa ardhi, kisha akarudi kusema, "Kweli, imenyesha." Marehemu baba alikuwa akisema mtoto huyu ama ataolewa na hakimu, ama atafungwa na hakimu.

Alianza masomo katika shule aliyofundisha mama yake, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1992 akajiunga na chuo cha uuguzi. Alihitimu ukunga mwaka 1996. Kwenye ripoti yake ya mwisho mkufunzi aliandika, "Anauliza sana," na mpaka leo familia haijajua kama ile ilikuwa sifa au onyo.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na fundi wa majokofu. Walikutana hospitalini, fundi alipokuja kutengeneza jokofu la chanjo. Alipofunga boksi lake la vifaa, dada yetu alimsimamia na kumuuliza, "Umejuaje kama limepona?" Fundi akajibu, "Sijui, dada yangu. Kesho nitarudi tuangalie wote." Alirudi kesho yake, na keshokutwa yake, wakati jokofu lilikuwa zima kabisa. Walijaliwa mabinti wawili.

Kazi yake yote aliifanya katika wodi moja ya wazazi. Utaratibu wa wodi ile ulikuwa mtoto akishazaliwa tu, anapelekwa bombani kuogeshwa, ndipo apewe mama yake. Wodi ilijivunia watoto wake safi, na mabibi waliosubiri kwenye benchi la nje walisifu. Dada naye aliogesha kama wenzake. Mwezi Julai mwaka 2016, asubuhi ya baridi, alimwogesha mtoto wa kike aliyezaliwa mzima na kulia kwa nguvu. Mtoto akapoa, akaacha kunyonya, na kabla ya jua kuzama akafariki. Dada alirudi nyumbani akakaa jikoni na sare yake, hakuvua hata viatu. Mumewe alipomuuliza kulikoni, alisema, "Nimemwosha mtoto wa watu mpaka amekufa."

Kuanzia siku hiyo alitaka jambo moja tu: mtoto akaushwe, alazwe kifuani kwa mama yake, na kuoga kusubiri hadi kesho yake. Metroni, mkuu wa wodi, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza, akamwambia, "Mimi siwezi kubadilisha utaratibu kwa sababu una huzuni. Niletee ushahidi."

Basi akaanza kuutafuta. Vitabu vya maktaba ya chuo vilikuwa vya enzi za walimu wa walimu wake, na viwili kati ya hivyo vilifundisha namna ya kuogesha. Mkutubi alimwonyesha jinsi ya kutafuta tafiti kwenye kompyuta, na likizo yake yote aliimalizia pale. Utafiti wa kwanza aliopeleka, metroni aliurudisha: "Huu umefanywa kwenye nchi za theluji." Akapata wa nchi ya joto. "Hospitali walikofanyia huu ni kubwa, dada, sisi si wenzao." Akapeleka mwongozo wa kimataifa. "Mwongozo ni mwongozo, sisi wodi yetu inasemaje?" Wenzake wakampa jina la Dada Ushahidi, na wengine walimwita hivyo kwa kumcheka. Aliitika tu.

Ili ajue wodi yake inasemaje, aliomba mafaili ya miaka mitatu. Akayasoma yote, na yote yakamsaliti. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeandikwa joto la chini ya nyuzi thelathini na tano. Metroni alimwambia kwa upole, "Unaona sasa? Watoto wetu hawapoi." Aliporudi nyumbani alimwambia mdogo wake, huyu anayewasomea wasifu huu, "Nimetwanga maji kwenye kinu." Halafu akaenda karakana kwa mumewe, akatoa mfukoni kipimajoto cha wodini, akakikung'uta na kukitumbukiza kwenye glasi ya maji ya friji. Zebaki haikupanda, ikatulia chini ya alama ya kwanza. Alama ya kwanza ilikuwa thelathini na tano. Kila mtoto aliyepoa kupita hapo, muuguzi aliandika thelathini na tano, kwa sababu hakukuwa na namba nyingine ya kuandika. Mumewe alicheka. Yeye alilia.

Alitafuta kipimajoto kinachosoma chini zaidi, akakipata, akaanza kupima watoto kabla na baada ya kuoga. Walikuwapo wa thelathini na tatu. Walikuwapo wa thelathini na mbili. Baada ya miezi mitatu aliyapeleka matokeo kwenye kamati ya hospitali. Kamati ikampongeza sana, ikasema miezi mitatu ni michache, alete ya mwaka mzima.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Mwaka mzima wa vipimo maana yake ni mwaka mzima wa kuogesha. Alimwambia mdogo wake, "Nawapoza kwa mikono yangu, ili niambiwe ni kweli wamepoa. Niambie, huo ni ukunga gani?" Dada aliendelea. Alipima, kisha akawakimbiza watoto vifuani kwa mama zao huku akiwaomba radhi mmoja mmoja, na wazazi wakidhani anawabariki. Mwaka ulipotimia aliyapeleka matokeo tena, na kamati ikaahidi kukaa kuyajadili.

Mwezi Februari mwaka jana alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Aligundulika ana saratani ya kongosho. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo, na familia inawashukuru. Kitandani hakuuliza ataishi muda gani. Alimuuliza metroni, aliyekuja kumwona kila wiki, "Kamati imekaa?" Metroni akasema bado, akidi haijatimia. Mara ya mwisho metroni alimshika mkono, akasema, "Dada, mimi nimeshakuamini zamani." Naye akajibu, "Kuamini kwako hakujamkausha mtoto hata mmoja." Alifariki Jumatano tarehe 12 mwezi huu, alfajiri, mumewe na mabinti zake wakiwa pembeni.

Ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na wajomba, mashangazi na jamaa wengi. Mjukuu huyo alizaliwa hospitali nyingine, kwa amri ya bibi yake.

Kikao cha kamati kilikuwa kikae leo saa nne asubuhi, na ajenda ilikuwa hiyo moja. Kimeahirishwa ili wajumbe wahudhurie mazishi haya. Familia imeupokea upendo huo, na wajumbe tunawaona hapa, wamekaa safu ya tatu, akidi imetimia. Mkunga aliyetoka zamu na kuja hapa moja kwa moja ametueleza kwamba tangu jana jioni wamezaliwa watoto watano. Wote wameogeshwa.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, familia inawajulisha wajumbe kwamba kaburi likishafukiwa, kwetu hakuna chai yao. Magari yao yako pale getini, na hospitali si mbali. Waende wakakae.

Mpendwa wetu apumzike. Amani yake wanaondoka nayo wao.