Yusta Kalinga na Swichi Aliyokataa Izimwe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Yusta Kalinga anatimiza miaka thelathini na minne na miezi minne katika Karakana ya Viungo Bandia hapa Kihesa, na siku hiyohiyo anastaafu. Hiyo miezi minne isingekuwamo kama rasimu ya wasifu huu isingepita mikononi mwake. Aliirudisha ina alama nne za kalamu nyekundu, moja ikiwa juu ya jina lake mwenyewe, ambalo mwandishi, aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, aliliandika "Karinga".

Alifika kutoka Igowole mwezi Machi 1991, akaajiriwa kuwa mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuandika vipimo vya watu wanaokuja kutengenezewa miguu na mikono: urefu wa kigutu, yaani kipande cha kiungo kilichobaki, mzunguko wake, uzito wa mwili, upande gani. Mwaka wa nne kazini alipita karakanani akamkuta fundi Zabron akichonga mguu wa kulia, ilhali kadi ilisema kushoto. Zabron alibisha. Yusta hakubishana naye. Alikwenda barazani, akamshika mkono mgonjwa mwenyewe, akamleta na gongo lake hadi mbele ya meza ya fundi. Tangu siku hiyo hakuna mguu uliotoka hapa bila sahihi ya Yusta, na Zabron, ambaye sasa ni mkuu wa karakana, ndiye aliyeitunga kanuni hiyo.

Kompyuta zilipokuja, alizihamishia humo kadi zote peke yake. Ilimchukua miaka miwili. Kisha akajiwekea utaratibu: kila siku saa tisa na nusu alasiri anafanya bakapu, yaani nakala ya akiba, ya daftari zima la vipimo kwenye diski ya pembeni, anaifunga diski kwa kitambaa cha kitenge, anaipeleka kwenye kabati la ofisi ya usharika, mtaa wa pili. Tulimtania kwamba anampeleka mtoto kliniki. Alicheka, akaendelea na safari.

Mwaka 2023 tulipata kompyuta mpya, na bakapu ikagoma. Mfumo mpya ulikuja na ulinzi wa kumbukumbu ya kompyuta, yaani kinga inayozuia programu isiyoaminika isijipenyeze mahali pa ndani kabisa ambapo mashine inafanyia kazi. Programu yetu ya bakapu ilikuwa ya zamani. Kipande chake kimoja, kinachoitwa draiva, kilitengenezwa kabla ya masharti hayo. Kinga ikakizuia, na programu nzima ikakaa chini.

Tulimwita Alinanuswe, fundi wa kompyuta kutoka Mbeya. Alikaa, akabonyeza hapa na pale, na kwa dakika mbili bakapu ikaanza kwenda. Tulipiga makofi. Mwandishi wa maneno haya alishaagiza maandazi.

"Umefanya nini, baba?" Yusta aliuliza.

"Nimezima ule ulinzi, mama."

"Kwa programu hii tu?"

"Hapana, kwa kompyuta nzima."

"Basi washa."

Nilijitia kimbelembele. "Dada Yusta, si bakapu inafanya kazi?"

"Inafanya. Na virusi navyo vitafanya."

Hakuwa akitania. Mwaka uliotangulia ofisi moja hapa mjini ilivamiwa na programu mbaya iliyofunga mafaili yao yote, wakaanza kuandikisha watu upya kuanzia mtu wa kwanza. Sisi tulikuwa na watu zaidi ya elfu mbili, wengine wa Ilula, wengine wa Usangu, ambao wangelazimika kusafiri tena kwa magongo ili tu wapimwe.

Swichi ikawashwa. Kwa siku kumi na moja Yusta alinakili mafaili kwenye diski yeye mwenyewe, folda moja baada ya nyingine, na kila mgonjwa mpya akamwandikia kadi kama zamani. Alinanuswe akaweka toleo jipya la programu, ambalo watengenezaji waliapa kwamba linapatana na ulinzi huo. Bakapu ikagoma vilevile. Tukaanza kumnung'unikia Yusta waziwazi, mimi nikiwa mstari wa mbele.

Siku ya kumi na moja alivaa miwani akausoma ule ujumbe wa onyo mpaka mwisho. Sisi wengine, kusema kweli, hakuna aliyewahi kuvuka mstari wa kwanza.

"Alinanuswe, programu mpya umeiweka lini?"

"Jumanne, mama."

"Mbona faili linalokataliwa ni la mwaka 2015?"

Alinanuswe alisogeza kiti, akatazama, akajishika kichwa. Programu mpya ilikuwa imeingia, lakini ile draiva ya zamani haikuondoka, na ndiyo hiyo ulinzi ulikuwa ukiikataa kila siku. Aliiondoa, akaizima kompyuta na kuiwasha. Ulinzi ukiwa umewashwa, bakapu ikaenda. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu Yusta alikuwa ameshaanza kurudisha mafaili hamsini kutoka kwenye diski na kuyafungua moja moja aone kama ni mazima. Maandazi niliyoagiza upya tuliyala yakiwa yamepoa.

Machi iliyofuata radi ilipiga Kihesa saa nane mchana na kuiunguza kompyuta ya vipimo. Alinanuswe alipanda basi kutoka Mbeya, na kesho yake daftari lilirudi lote kutoka kwenye diski, isipokuwa mtu mmoja aliyepimwa asubuhi ile ya radi: mzee Ngolo, mfugaji wa Usangu, aliyekuwa bado amelala nyumba ya wageni akisubiri mguu wake. Yusta alimfuata mwenyewe kumwomba radhi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Nipimeni tu, mama. Hiki kigutu hakijakua tangu jana."

Yusta alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mgeni aliyelala jirani na mzee.

Wiki iliyopita alitakiwa kukabidhi ofisi kwa Bi. Pendo, anayeshika nafasi yake. Alikataa kutia sahihi kabla ya kumpima. Aliweka mezani kompyuta tupu, akampa Pendo diski alirudishe daftari lote, akatoka nje kuongea na wagonjwa. Saa kumi Pendo alimwita: watu 2,846, wote wamo. Yusta alifungua jina moja, la mwanamke aliyepata mguu mwaka 1992. "Huyu sasa ana wajukuu," alisema, akasaini.

Dada Yusta, asante kwa kusoma yale ambayo sisi tuliyaruka. Unarudi Igowole kulima viazi na kufuma masweta. Tunakutakia afya njema, mvua za wakati, na mapumziko marefu. Kamwene, kwa salamu ya hapa kwetu, Dada Yusta, na uishi vizuri.

Benjamini, kwa niaba ya karakana nzima