Mama Ennie Mukuka, Aliyetuonyesha Filamu kwa Redio

Ijumaa tarehe 17 Desemba 1999, Mama Ennie Mukuka anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Sauti na Picha cha Kashikishi kwa miaka kumi na minane. Jarida letu linasomwa pande zote mbili za ziwa, ndiyo maana mimi, Willy Kabwe wa redio ya Kilwa, ng'ambo ya Kashikishi, nimepewa heshima ya kumwandika. Wenzake wa Kashikishi wanamjua kwa sura. Mimi nilimjua kwa sauti tu kwa muda mrefu, na bado najigamba kwamba namjua kuwashinda.

Aliajiriwa mwaka 1981 kunakili kanda za kwaya. Mashine za video zilipofika, yeye ndiye aliyesoma maelekezo yote huku wengine wakigombea rimoti. Tangu hapo filamu zetu zote, za kukausha samaki, za kipindupindu, za nyavu, zimepita mikononi mwake. Kwa kukata hakuwa na huruma. Kiongozi mmoja wa kwaya alipanda baiskeli kutoka Mofwe kuja kudai ubeti wake wa tatu. Alipewa chai, akarudi bila ubeti.

Kituo kina desturi yake: filamu haifungwi mpaka waliopigwa picha waitazame na kusema neno. Watu wa Kilwa walikuwa wakivuka kwa mashua, wanaketi mbele ya televisheni na kubishana mpaka jioni. Vita vya 1998 vilipotufungia njia ya ziwa, tulidhani desturi imekufa. Mama Ennie akaweka kipaza sauti cha foni, ile redio ya kuzungumza kati ya vituo, mbele ya televisheni. Akawasha filamu, akawa anatusimulia kila picha papo hapo.

Mara ya kwanza tulichekesha. Kwenye foni, aliyebonyeza kitufe ndiye anayesikika, na Mama Ennie alikibonyeza tangu mwanzo hadi mwisho. Huku Kilwa tulipiga kelele bure kwamba tunasikia jenereta tu. Tena masafa yale yalikuwa ya watu wote. Alipokiachia, wa kituo cha Pweto walitaka wimbo upunguzwe, wa kituo cha Mansa wakataka uachwe, na mtu tusiyemjua mpaka leo akauliza bei ya samaki.

Baada ya hapo jenereta ilihamishiwa mbali kwa waya mrefu, na Mama Ennie akajiwekea utaratibu: picha moja, anaachia kitufe, anasubiri. Mawimbi yakiwa mabaya, Pweto, waliowasikia Kashikishi na sisi pia, walipokea maneno yake na kutupitishia, na ya kwetu yakarudi kwa njia hiyohiyo. Kila kituo kilimbebea mwenzake, bila mkubwa wa kuamrisha.

Lakini siku nisiyoisahau ni ya filamu ya kupakia mashua. Aliyefundisha ndani yake ni Hénoc, nahodha wa Kilwa aliyeheshimiwa na wachuuzi wote, naye alifariki kwa homa kabla filamu haijafungwa. Kwetu uso wa marehemu hauonyeshwi hadharani mpaka familia iruhusu. Mjane wake, Léonie, alikuwa ameunguliwa nyumba na picha zote za mumewe. Bila ruhusa yake Hénoc angekatwa, na angewezaje kuruhusu asichokiona?

Alikuja na shemeji zake, akaketi karibu na foni. Mama Ennie akaanza. Hénoc amesimama majini, suruali ameikunja hadi magotini. Akaachia kitufe. Hénoc anafunga gunia, anavuta kamba kwa meno. Akaachia. Léonie akacheka kidogo, maana hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya mumewe. Kisha Mama Ennie akasema kuna mahali Hénoc anageuka, anaangalia pembeni, anatabasamu, halafu anarudi kazini. Pale hapafundishi kitu, akasema, atakata kipande hicho. Akaachia.

Léonie akachukua kipaza sauti mwenyewe. “Musikate pale, mama. Ule anaangalia ni miye. Nilikuwa namuita akuye kula.”

Mama Ennie akajibu. Alimwita mayo, mama kwa Kibemba. “Nasikia, mayo. Sikati.”

Shemeji mkubwa akatoa ruhusa kwa niaba ya familia. Nimepitisha habari za vifo na ndoa kwenye foni ile, lakini sijawahi kuona marehemu akirudishwa chumbani namna ile, kwa maneno tu.

Mwaka huu njia ilipofunguka, filamu ilionyeshwa sokoni Kashikishi kwenye shuka jeupe. Nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza, na hakukuwa na picha hata moja iliyonishangaza. Léonie aliketi mbele na watoto wake. Hénoc akageuka, akatabasamu, na mwanawe mdogo akauliza baba anamuangalia nani. Léonie akamwambia.

Mama Ennie anarudi kwao Mofwe, ambako anasema hatakata tena kitu isipokuwa samaki. Mama, tunakushukuru kwa kazi na kwa subira yako. Tunakuombea afya, mapumziko mema na majirani wasioimba beti ndefu. Foni ya Kilwa itafunguliwa kila asubuhi kama kawaida. Tutataja jina lako, tutaachia kitufe, na tutasubiri.