Hakimu Ndani ya Kompyuta ya Karani

Benchi letu liko mbele ya duka la Fundi Waya, anayetengeneza redio, pasi na chochote chenye waya. Asubuhi ile nusu ya benchi ilikaliwa na kompyuta ya Karani, mstaafu mwenzetu. Ni jitu la zamani lenye kioo kilichovimba na mgongo mrefu, na ndilo lililochapa barua za mtaa mzima. Binti yake alipokuwa mdogo alizoea kuchungulia nyuma ya kompyuta hiyo akitafuta watu, kisha anauliza, “Baba, mimi nitaingia lini humo?” Karani anamjibu, “Ukiwa mkubwa.” Sasa mtoto kaapishwa kuwa hakimu, siku ambayo baba alikuwa amelazwa hospitalini. Video ya kiapo imetumwa kwenye simu, na mwenyewe anafika saa sita mchana. Karani hakutaka akute ahadi ile bado inaning'inia.

— Si umtazame kwenye simu, yaishe? alisema Mama Kahawa, birika mkononi.

— Kwenye simu nimemtazama mara arobaini. Nilimwahidi humu.

Fundi Waya akakuna kichwa.

— Video ya siku hizi nzito, mzee wangu. Kila sekunde ina picha thelathini, rangi mamilioni. Hii mashine inaweza picha kumi tu, tena ndogo kama kiberiti.

— Rangi ndiyo kasoro! akadakia Profesa. Huyu alibeba viti chuoni miaka miwili, jina la Profesa likamganda. — Hakimu kavaa joho jekundu, na nyekundu ina uzito. Apigiwe simu aapishwe upya, avae kijivu.

— Wewe una akili kweli? Mama Kahawa akamuuliza.

— Basi tuianike juani, ilegee.

— Video, Profesa? Tuianike video?

— Kama hamtaki, ifungieni kabatini miaka ishirini. Itazeeka, iwe rika moja na kompyuta. Hapo zitaelewana zenyewe.

Fundi hakumsikiliza. Alikuwa ameshaigeuza video kwenye kompyuta yake mpya: kaipunguza picha, kaichuja rangi. Akainua flopi, kile kibapa cha plastiki cha kuhamishia mafaili ya zamani.

— Nzima ni hii moja tu. Inabeba sekunde kumi. Chagueni.

— Pale anapoinua mkono, alisema Mama Kahawa.

— Pale anapopewa mkono na wakubwa! Ushahidi huo! akasema Profesa.

Karani akasema taratibu:

— Pale anapomaliza kuapa, anasahau kwamba ni hakimu, anacheka.

Fundi akaikata hapo hapo, akaitia kwenye flopi.

Flopi ikaingia. Mashine ikakoroma, kioo kikabaki cheusi.

— Imekataa, Fundi akanong'ona.

Saa sita kasorobo. Fundi akapunguza tena, jasho linamtiririka. Flopi ikarudi ndani. Mashine ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Karani alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, nami nikajikuta nimeshika wangu.

Kioo kikawaka. Katikati yake, mdogo kama kiberiti, hakimu akacheka!

Tulipiga kelele hadi wapita njia wakasimama. Mama Kahawa alimwaga kikombe kizima wala hakujali. Profesa alikuwa juu ya benchi.

— Nilisema mimi! Rangi!

— Shikamooni, ikasema sauti nyuma yetu.

— Marahaba, mheshimiwa!

Binti alisimama na mkoba wake, akajitazama pale kwenye kioo. Halafu akainama, na viatu vyake vya ofisini na yote, akachungulia nyuma ya kompyuta.

— Baba.

— Naam, mama.

— Haya, nimeingia. Sasa natokaje?

Karani akamtazama Fundi. Fundi akamtazama Profesa. Profesa akashuka benchini, naye akachungulia nyuma ya kompyuta. Mama Kahawa akainamisha birika, halikutoa hata tone. Karani, anacheka huku machozi yanamtoka, akabonyeza kitufe, na binti wa kwenye kioo akaanza kucheka upya.