Dkt. Jebamalar Arulraj, Aliyezitibu Nyanya kwa Maganda ya Kamba (1961–2023)

Mpendwa wetu Jebamalar alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Ambilikkai, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ponnudurai, mkulima wa nyanya, na marehemu Mama Gnanam.

Alisoma shule ya misheni hapa Oddanchatram. Akiwa darasa la tisa, mvua zilikawia kukatika na ugonjwa wa baka, ukungu unaoozesha majani, ukala nyanya zote za baba yake. Mzee alinyunyiza dawa kali, mvua ikaiosha, akanyunyiza tena, hata kifua kikambana. Jebamalar alimwambia mamaye kuwa dawa inayomwumiza mkulima kabla ya ukungu bado haijawa dawa. Alipata shahada ya kilimo Coimbatore mwaka 1983, na uzamivu wa magonjwa ya mimea mwaka 1991.

Tarehe 9 Mei 1988 alifunga ndoa na Bw. Arulraj, fundi wa mabasi, wakajaliwa Anbarasi na Jeyaseelan.

Alifundisha chuoni kwa miaka mingi, lakini kazi ya moyo wake aliianza mwaka 2008. Kutokana na maganda ya kamba wa baharini alitengeneza chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa hadubini ya kawaida, za kunyunyizia mboga. Huukaba ukungu, huuamsha mmea ujikinge, kisha huoza zisiache sumu. Maganda yalikuja kwa basi kutoka Thoothukudi na kuanikwa juu ya paa la nyumba, mtaa mzima ukajua kwa harufu. Mama mkwe wake alizoea kuwaambia wageni, "Nilidhani mwanangu kaoa daktari, kumbe kaoa mchuuzi wa kamba." Naye ndiye aliyekuwa akiyageuza maganda yakauke.

Msimu wa kwanza mambo yalikwenda mrama. Mchanganyiko ulikuwa mkali, ukababua majani shambani kwa Bw. Muthaiah, mkulima wa nyanya. Jebamalar angeweza kulisingizia jua. Badala yake alisimama mbele ya wakulima akasema kosa ni lake, kisha akamwomba Muthaiah matuta mengine ya kujaribia.

"Dada, umeniunguzia nyanya, na bado unaomba?" Muthaiah akamuuliza.

"Naomba, kaka. Safari hii nitazipitia kila asubuhi kama wagonjwa wodini."

Muthaiah alicheka, akampa. Novemba mvua zikamwagika, mashamba ya jirani yakageuka kahawia. Matuta yale yaliguswa majani ya chini tu, na Muthaiah akavuna. Jebamalar hakuificha kanuni yake. Aliwafundisha akina mama wa kikundi cha Ambilikkai, nao leo huchanganya dawa hiyo wenyewe.

Mwaka 2020 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu hospitalini Dindigul. Jumanne iliyopita Muthaiah alimpelekea nyanya. Jebamalar alizigeuzageuza mkononi, akanusa kikonyo.

"Umenyunyiza na chini ya majani?"

"Nimenyunyiza, dada."

"Haya. Basi ngoja nilale kidogo."

Alfajiri ya Jumatano, tarehe 6 Septemba 2023, aliaga dunia, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Bw. Arulraj, binti, Anbarasi, na mwana, Jeyaseelan, pamoja na wenzi wao, wajukuu watatu, mdogo wake, Thavamani, anayewasomea haya, na mashamba mengi ambako mkulima hurudi nyumbani jioni bila kukohoa.

Bwana amlaze pema, dada yetu, apumzike kwa amani aliyoitafutia wengine.