Doa la Manjano Kwenye Gauni Jeupe

Benchi liko kati ya kibanda cha fundi cherehani na karakana ya kuchaji betri, na muuza kahawa ameweka jiko lake hapo hapo, maana anajua wateja wake hawana haraka ya kwenda kokote. Asubuhi hiyo fundi cherehani, ambaye kijiwe kilimpa jina la Pindo, alitoka kibandani amekumbatia gauni jeupe, uso umemshuka. Lilikuwa gauni la mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, na harusi ni kesho. Pindo alikuwa ameapa kulishona lote kwa mkono wake, asimwachie mtu mwingine hata kifungo. Jana akalishika kwa vidole vyenye mchuzi wa bizari ya manjano. Leo akalipaka sabuni, na doa la njano likageuka jekundu huku analitazama.

— Jamani, njooni muone. Sabuni imetoa damu!

— Lete hapa, alisema Profesa. Huyu aliishia kidato cha pili. Cheo alijipa mwenyewe, na hakuna aliyejisumbua kumvua. — Hii ni kemia tu. Asidi inageuza ile karatasi ya maabara kuwa nyekundu. Doa limekuwa jekundu. Kwa hiyo sabuni yako ni asidi. Tumemaliza.

— Asidi naijua mimi, alidakia Betri, mwenye karakana, ambaye hana suruali isiyo na matundu. — Ingekuwa asidi, saa hizi ungekuwa umeshika tundu, siyo gauni.

— Asidi ni chachu, alisema Profesa. Wewe Pindo, hiyo sabuni umeionja?

— Niionje? Kwani mimi mwehu?

— Ionje basi, utusaidie utafiti.

Pindo akaionja, kwa kuwa harusi ilikuwa kesho. Akatema.

— Chungu! Halafu inateleza.

Profesa alikuna kidevu. — Chungu, tena inateleza... Hiyo ni besi. Hasimu wa asidi.

— Mbona doa ni jekundu sasa? aliuliza Betri.

— Basi hilo doa halikusoma shule yangu.

Muuza kahawa alijaza vikombe, akashusha sauti. — Mie nawaambia, huko kiwandani kulikotengenezwa kitambaa hiki kuna mtu alijichoma sindano. Damu ikalala ndani ya uzi. Sabuni imeiamsha.

— Siku zote hizo imelala?

— Ilikuwa imechoka.

Betri alikuwa na mafua, na kahawa yake hainywi bila limau siku za mafua. Alipolikamua kwa hasira za kubishana, tone likarukia gauni. Likatua juu ya doa. Pale lilipotua, wekundu ukatoweka na njano ikarudi.

— Haa! Rudisha sabuni tuone!

Nyekundu.

— Limau!

Njano.

— Sabuni tena!

Vichwa vyote viliinama juu ya gauni. Pindo naye, Mungu amsamehe, alikuwa anacheka. Kwa dakika chache alisahau kabisa kwamba kuna bibi harusi.

— Sikilizeni, alisema Betri. — Mimi asidi ikimwagika naitupia magadi. Inatoa povu, inakufa. Sasa tuweke limau na sabuni kwa mpigo. Vitauana, na doa litafia humo humo!

Wakaweka. Doa likabaki la njano, limetanuka, linanukia limau.

Hapo ndipo mpwa alipotokea, amekuja kuchukua gauni lake. Pindo alitaka kulificha mgongoni, ila gauni la harusi halitoshi mgongoni.

— Mwanangu, nimekuharibia. Ni mikono yangu hii hii.

Kabla binti hajajibu, Profesa alikwisha kunyakua sabuni.

— Usilie, binti, tumegundua jambo! Tazama: besi, nyekundu. Asidi, njano. Nyekundu! Njano! Unaona?

Binti alitazama mpaka mwisho, mikono kiunoni.

— Naona. Na nyeupe inatokea ukiweka nini?

Betri aliyachunguza matundu ya suruali yake. Profesa aliirudisha sabuni kwenye benchi. Muuza kahawa akatikisa birika, kumbe lilikuwa tupu.

Pindo aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Asubuhi nzima alikuwa anafanya kazi ya watu wengine, ya kemia, na yake ya sindano ameiacha.

— Sijui, mwanangu, alisema. — Hebu kaa.

Akaingia kibandani, akatoka na mkasi na kipande cha lesi kilichobaki. Akakata ua dogo, akaanza kulishonea juu ya doa. Binti alisogea karibu yake kwenye benchi, akainama kutazama.

— Weka na upande wa pili, Mjomba, alimnong'oneza. — Ili nikiulizwa, niseme ndivyo nilivyotaka.