Nyufa za Ndege ya Riyadh

Kijiwe cha Maimuna kipo nyuma ya soko la samaki la Kismayo, ubavuni mwa banda la mafundi wa mashua, na benchi lake si benchi hata kidogo: ni kiti cha nyuma cha Landkruza iliyokufa zamani, wakaking'oa na kukiegemeza ukutani. Anayewahi baada ya sala ya Alasiri hukalia sponji, anayechelewa hukalia springi, na akiinuka kila mtu anajua alichelewa. Hapo habari haiingii ikatoka na umbo lake. Siku hiyo mzee Mahmudi, ambaye kazi yake tangu ujana ni kukalafati, yaani kuziba nyufa za mashua kwa pamba na sifa, mafuta yale ya papa yanayonuka hadi Ijumaa ya pili, aliwahi kuliko wote. Alikuwa na jambo tumboni, na lilikuwa jambo la kujivunia.

— Una nini leo, Kalafati? — akauliza Maimuna, mkono juu ya dele la kahawa. — Wacheka peke yako kama umeoa.

— Nimeokoa jina la mpwa wangu.

Sadiq akakaa wima. Huyu huitwa Rada, kwa kuwa hakuna ndege inayopita juu ya Kismayo asiyoitolea taarifa: imetoka wapi, inakwenda wapi, na rubani amekula nini.

— Riyadh? Kafanya nini?

— Si ni ile ndege yake.

Ndege hiyo kijiwe kizima kiliijua. Riyadh, mtoto wa marehemu dada yake Mahmudi, alilelewa na mjomba wake, akafundishwa kalafati, mkono ukakataa katakata. Akaenda Sharjah, akapata kazi ya kufagia karakana ya bwana mmoja anayeunda ndege za vita za mfano, kubwa, zenye injini, zinazorushwa kwa rimoti. Bwana akamwambia: nenda kwenu, uniundie moja peke yako. Ikinipendeza utarudi hapa fundi; isiponipendeza, baki huko huko. Mwaka mzima Riyadh alijifungia katika banda la mafundi na ndege yenye mabawa marefu kuliko mlango, asitake mjomba aione kabla haijaisha, na keshokutwa ilikuwa ipakiwe melini. Wiki iliyopita shangazi yake akafariki kisiwani Kudhaa, ikambidi aende matangani. Ufunguo akamwachia mjomba, anayemwita abti, kama Wasomali wamwitavyo mjomba.

— Akaniambia, "Abti, nitazamie chombo changu." Haye. Kwetu mafundi, mchu akikwambia umtazamie chombo chake, maana yake nini?

— Ukiona ufa, uzibe, — Rada akajibu, maana hata yeye alizaliwa pwani hii, ambako mtu huitwa mchu na kitu kichu.

— Basi nikaenda kukitazama. Subhanallah! Ilikuwa imepasuka yote, Sadiq. Toka puani hadi mkiani, nyufa. Nyufa za kwenda mbele, nyufa za kukata, nyufa za mraba. Hakuna pa kuweka kiganja.

— Yote?

— Yote! Na misumari? Vichwa vimetokeza nje, mstari kwa mstari, hakuna hata mmoja uliopigwa ukazama. Mimi nilimfundisha hivyo?

— Hukumfundisha hivyo, — akasema Maimuna.

— Na uchafu. Masizi ubavuni, nyuma ya injini. Mafuta yamechuruzika tumboni. Pale karibu na kiti cha rubani rangi imebanduka, utadhani wachu wamepanda na viatu. Na ndege yenyewe haijaruka hata siku moja!

Sauti ya mzee ikashuka. Hakuwaambia kwamba siku ile alikaa juu ya gogo bandani akalia. Alikuwa amejiaminisha kwamba kijana, hata kama kalafati ilimshinda, huko ughaibuni ameokota ufundi mwingine. Kumbe hana mkono. Alimhurumia mpaka kifua kikamuuma, na akajiapiza kwamba bwana wa Sharjah hataiona aibu ile.

Rada alikuwa ameshapata sababu.

— Kauziwa mbao mbovu. Siku hizi mbao zote feki.

— Mbao nilimpa mimi.

— Basi ni zile ndege zisizo na rubani. Zikipita usiku zatetemesha kila kichu. Mimi kwangu sahani ilipasuka vipande viwili.

— Sahani yako ilipasuliwa na mkeo, — Maimuna akasema. — Mtaa mzima ulisikia.

— Na masizi je? Nani kayatia, mke wangu? Nisikilizeni. Ndege ya vita ina dhambi zake. Ukichonga mfano wake sawasawa, usikosee hata kidogo, zile dhambi zahama, zaja kukaa kwenye mfano. Yale mafuta tumboni si mafuta yale. Ndiyo maana wahenga wakasema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hayo yaingiaje hapo?

— Yaingia. Fikiria.

Mzee Mahmudi akapuliza kahawa yake. Dhambi au si dhambi, alisema, sasa yameisha. Kajifungia kazini ndani ya lile banda. Chembeu, ile patasi butu ya kushindilia pamba, hakuthubutu kuitumia, maana ngozi ya ndege ni nyembamba. Katumia ukucha wa kidole gumba. Kasokota nyuzi za pamba, kachovya kwenye sifa, kapachika ufa baada ya ufa, juu yake kapaka deheni ya chokaa na shahamu. Misumari kaisugua kwa msasa mpaka ikalala. Masizi kayaosha kwa sabuni.

— Pitisha mkono sasa, — akasema. — Yai.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta! — Rada akapiga paja.

Kwa mara moja methali ya Rada ilikaa mahali pake, na wote wakafurahi. Maimuna alimwongeza mzee kikombe bila kuombwa. Ndipo akatokea Hussein, aliyepewa jina la Kanada kwa sababu safari yake ya Kanada ipo njiani tangu arejee kutoka kambi ya wakimbizi Kenya. Alikuwa ameondoka siku nyingi kuifuatilia huko Nairobi, na amerudi, kama kawaida, bila safari. Akasalimu, akakalia springi, akapokea kikombe.

— Waryaa Kanada, umekosa habari, — Rada akamdaka. — Mzee kaziba nyufa za ndege ya Riyadh.

Kikombe cha Kanada kikasimama kabla ya mdomo.

— Nyufa zipi?

— Zile za mwilini. Ilikuwa imepasuka yote.

Kanada akaweka kikombe chini, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

— Mzee Mahmudi. Niambie umetania.

— Nitanie na kazi?

— Mzee... zile nyufa alizichora.

— Nani?

— Riyadh mwenyewe, kwa ncha ya sindano na rula. Mimi nilikuwa nikimshikia tochi.

Mzee Mahmudi alimtazama Kanada kama mtu aliyesemeshwa lugha asiyoijua, ingawa kila neno alikuwa amelisikia.

— Mchu achore nyufa? — akauliza mwishowe. — Kwa nini?

— Ndege ya kweli imevikwa mabamba ya chuma, mzee. Bamba likikutana na bamba, pana mstari. Sasa ile ya mbao haina mabamba, ndiyo akachora mistari. Na ile misumari haikuwa misumari. Ni gundi. Tone moja, tone moja, kwa sindano ya hospitali. Tone likienda upande afuta mstari wote aanze tena. Mara nyingine alikuwa analia, wallahi nimemwona.

— Na masizi? — Maimuna akauliza, ingawa uso wake ulionyesha kwamba hataki jibu.

— Aliyapaka kwa brashi ndogo. Kasaga makaa.

— Yallah! Makaa yangu! Kila asubuhi akija, "Maimuna, nipe vumbi la makaa." Nilidhani apiga mswaki!

— Mchu mwenye akili zake hachafui kichu kipya, — Rada akasema, lakini bila nguvu.

— Ndiyo kazi yenyewe! Kionekane kimeishi, kimeruka, kimepigana, wachu wamekipanda na viatu. Yule bwana wa Sharjah injini haitazami kwanza. Hupiga magoti na miwani yake akatazama ngozi. Ngozi ikiwa ya uongo, hainuki hata kuuliza jina lako.

Vidole vya mzee Mahmudi vilikuwa vimekumbuka kitu kabla ya kichwa: zile nyufa zilikuwa zimenyooka mno. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona ubao ukipasuka kwa rula. Aliliona hilo siku ya kwanza, na huruma ikampitisha.

— Mzee, — Kanada akasema, sasa kwa sauti ya mtu anayemuuliza mgonjwa, — zile kubwa, nyuma ya mabawa na pale mkiani, hukuzigusa, sivyo?

— Zile ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Ubao ulikuwa wacheza. Nimezishindilia sawasawa.

— Lazima pacheze, ndipo inapokatia kona!

Maimuna akaziba mdomo kwa mtandio.

— Na rangi? — Kanada akaendelea, maana mtu aliyeshtuka huwa hajui kunyamaza. — Ile ya kijani iliyopauka?

— Iliyopauka ndiyo. Nikaifunika. Kulikuwa na samawati imebaki ya mashua ya mvuvi Badi.

— Samawati.

— Na jicho.

— Jicho gani, mzee?

— La puani. Moja kila upande. Chombo hakitoki safarini bila macho, kitaonaje njia?

Siku nyingine kijiwe kile kingecheka mpaka kiti kikaanguka. Siku hiyo hata Rada aliinamia viatu vyake.

— Riyadh tumwambie ni majini, — akapendekeza. — Majini wa bandani. Wamekuja, wamekalafati, wamekwenda zao.

— Majini wana rangi ya Badi?

— Tuseme basi mvua imeingia, rangi imevimba...

— Mvua ikachora macho?

— Kupotea njia ndiyo kujua njia, jamani.

— Sadiq, funga bakuli lako, — Maimuna akamwambia. Kisha akamgeukia mzee. — Na wewe, si una simu? Si ungempigia ukamuuliza?

Mzee Mahmudi akatikisa kichwa.

— Sikutaka ajue nimeziona. Alishaaibika mara moja mbele yangu na nyundo ya kalafati. Nilitaka arudi aikute nzima, aseme labda hazikuwa nyingi, aende zake Sharjah uso juu. Kijana hana mama, Maimuna. Nani mwingine wa kumsitiri?

Maimuna akafuta macho kwa mtandio ule ule.

— Tuzichomoe, — Kanada akasema ghafla. — Sasa hivi. Riyadh yuaja kesho. Tutoe pamba zote, mistari ya chini si ipo bado? Turudishe hata nusu!

Rada akaruka kutoka kitini. Kwa mara ya kwanza jioni ile macho ya watu yakawa na mwanga. Mzee peke yake hakuinuka.

— Haitoki, — akasema.

— Jaribu!

— Hussein. Kalafati yangu haitoki. Kuna mashua hapo ufukweni zimeoza mbao, pamba yangu imebaki. — Alisema hivyo bila kuinua uso, maana maneno yale yale alikuwa akiyasema miaka yote kwa majivuno. — Ukiivuta yaondoka na ngozi.

Rada akarudi kukaa. Akakalia springi, wala hakuhisi.

Mlango wa banda ulilia. Mzee Mahmudi alikuwa ameuacha wazi tangu mchana ili deheni ipigwe na upepo ikauke. Aliyetoka alikuwa Riyadh, mfuko wa safari bado begani, chumvi ya Kudhaa kwenye nyusi. Kumbe amepata boti ya leo, akapitia bandani kabla ya kwenda nyumbani. Alitembea kuja kijiweni bila haraka. Kidole chake gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na rangi mbichi ya samawati mpaka kwenye kifundo, na alipokaribia, harufu ya sifa ikamtangulia.

— Asalaam aleikum.

Walijibu kwa midomo tu. Riyadh akainama, akaushika mkono wa mjomba wake na kuubusu, kama alivyofundishwa tangu utoto. Hakuuachia. Akaugeuza, akautazama ule ukucha wa kidole gumba, uliovunjika na kuvia damu kwa kushindilia pamba, siku baada ya siku, ndani ya kila mstari aliouchora yeye.

Mzee alingoja ukelele. Aliutaka. Angeupokea kama mtu anayepokea dawa.

Riyadh alikuwa na macho mekundu, lakini sauti yake ilitoka ndogo, ya kuuliza kweli.

— Abti, ilikuwa yavuja wapi?

Swali hilo wenye mashua wote wa Kismayo na Chovai wamewahi kumuuliza mzee Mahmudi, na hakuna aliyemuuliza akakosa kuonyeshwa mahali kwa kidole. Aliinua mkono wake wa pili, ukabaki hewani, hauna pa kuonyesha. Akamtazama Rada, akamtazama Kanada, akamtazama Maimuna, na wote wakatazama chini.